Barua ya Bibi Niliyoiosha

Nyumbani kwangu naftalini haiingii. Wanangu wanajua, mume wangu anajua, na wifi yangu aliyewahi kuja na koti linalonuka vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo ndiye anayejua zaidi, maana koti lake lilikaa barazani siku tatu na yeye mwenyewe nilimtaka anawe mikono kabla hajambeba mtoto. Mpaka leo ananitangaza kwa watu kuwa nina kichaa cha usafi. Namwacha aseme. Yapo mambo ukiyaeleza sebuleni, watu wakiwa na sambusa mkononi, yanageuka kichekesho, na hili mimi halijawahi kunichekesha.

Bibi yangu mzaa mama alifariki miezi michache iliyopita, na hitima ilipokwisha mama alinikabidhi ufunguo wa sanduku la marehemu. Nilipofunua kifuniko ikanijia harufu ya karafuu na asumini iliyokauka. Kanga zilinuka hivyo, mabuibui hivyo hivyo, na hata karatasi zilizofungwa kwa uzi chini kabisa. Sanduku la mwanamke wa umri ule, limejaa nguo za maisha mazima, na naftalini hamna hata chembe! Nikakaa sakafuni pale pale. Ilinirudia hofu ile ile ya nilipokuwa na miaka saba.

Tulikuwa tukiishi Doha, mtaa wa Mansoura, gorofa ya tatu katika jengo lililojaa watu wa kila namna. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi kwenye hoteli moja ya West Bay, na alitutangulia miaka miwili kabla ya kutuita. Tulipofika, mimi, mama na mdogo wangu Sudi aliyekuwa anakaribia miaka mitatu, joto lilikuwa la kuuonea huruma mkate ulioko tanurini. Hakuna aliyetuonya kuhusu baridi. Ukimwambia mtu wa Unguja kuwa Doha kuna baridi atakucheka. Aende upepo wa shamali ukivuma, halafu aje tuzungumze.

Baridi ilipoingia, mama alilivuta sanduku la Baba kutoka uvunguni akatoa blanketi. Lilikuwa zito, lenye picha ya chui. Baba alilinunua zamani alipokuwa akikaa na wanaume wenzake, na wao ndio waliomfundisha kulihifadhi wakati wa joto kwa kutia vidonge vya naftalini kwenye kila kunjo. Vidonge vilidondoka vikabiringika sakafuni. Mama akavikusanya, akavirudisha sandukuni, na sanduku likawekwa kichwani pa kitanda liwe meza ya taa na dawa. Mimi harufu ile niliipenda. Niliona ni harufu ya vitu vilivyotunzwa, ya Baba kutukumbuka kabla hatujafika. Usiku wa kwanza nilimfunika Sudi mpaka puani, nikamwambia alale, chui anatulinda.

Siku chache baadaye Sudi akaacha kucheza. Hakulia, hakuwa na mafua, aliacha tu. Alikuwa mtoto wa kupanda juu ya kila kitu na kushuka kwa kuanguka, na ghafla akawa anakaa pale alipowekwa. Mama alimgeuzia uso dirishani na mimi nikaona weupe wa macho yake si weupe tena, ni rangi ya embe bichi linapoanza kuiva. Halafu mama akachukua poti, akalitazama, akamwita Baba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mkojo wa Sudi ulikuwa rangi ya kahawa, kahawa ile ya kijiweni isiyo na maziwa. Nilijua mkojo unatoka tumboni, na nikaamini kuwa tumboni mwa mdogo wangu kila kitu kimeungua.

Hospitali walimlaza siku tatu wakamwongeza damu. Dokta aliuliza kama mtoto amekula baghila, yale maharage makubwa yanayouzwa ya kuchemsha kila pembe ya mji, maana wapo watoto ambao damu zao hazipatani nayo. Mama akasema hajala. Akauliza dawa za malaria, mama akasema hajapewa. Kipimo kimoja hakikusema kitu, na dokta akamwambia Baba kuwa kipimo hicho lazima kirudiwe mtoto akishapata nguvu. Hayo Baba alimfasiria mama kwa Kiswahili huku mimi nikisikiliza nyuma ya kiti, na nilichokibeba mimi ni kwamba wakubwa wote wawili hawajui.

Wakati huo Bibi hakuwa na simu. Baba alipiga kwenye duka la jirani yake, akaacha habari kuwa mtoto anaumwa, na baada ya siku nne ikatufikia bahasha kwa mkono wa mama mmoja aliyetoka likizo. Ndani mlikuwa na karatasi tatu zilizoandikwa kwa zafarani. Ilikuwa kombe. Kwao waliokulia kwetu sina la kueleza, lakini kwa wengine: ni aya zinazoandikwa kwenye sahani au karatasi, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa maji yale. Mama alizitia kwenye bakuli jeupe, akamimina maji ya Zamzam, na mimi nikapewa kazi ya kushika bakuli lisitikisike.

Nilitazama bila kupepesa. Maandishi yalilegea, yakachuruzika kama nyuzi, karatasi ikabaki tupu na maji yakawa manjano. Mama akasema bismillahi, Sudi akanywa mafunda matatu akakunja uso. Wiki ile ile jua likarudi, tukalikunja blanketi, tukafungua madirisha, na Sudi akaanza tena kupanda juu ya vitu. Mkubwa angeweza kufikiri ni hospitali, ni damu, ni jua. Mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu maneno ya Bibi yakitoka kwenye karatasi yakiingia tumboni mwa mdogo wangu, na mtoto akapona. Nani angenibishia?

Nieleze na jambo jingine, maana bila hili kosa langu halieleweki. Bibi hakusoma shule ya serikali. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wengi wa kwetu. Barua ya salamu, barua ya kuagiza kitambaa, barua ya kumsema wifi yake, zote ziliandikwa kwa mkono ule ule uliolala upande, nukta zikiwekwa pale alipokumbuka. Mama alijibu kwa herufi hizo hizo kwa sababu Bibi hakujua nyingine. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kujifunza alifu na bee shuleni, na kwangu chochote kilichoandikwa vile kilikuwa kitu cha dini. Sikujua kuwa kwa herufi zile mtu anaweza hata kuulizia bei ya nazi.

Sudi alipopata nafuu mama alimwandikia Bibi barua ndefu. Alikuwa na tabia ya kujisomea kwa mnong'ono anapoandika, kwa hiyo nilisikia vipande: macho yamekuwa manjano, mkojo kama kahawa, tumempa damu, baridi ni kali, namfunika blanketi la baba yake lililokuwa sandukuni. Akaikunja, ikapata msafiri, ikaenda.

Kisha shamali ikarudi, na safari hii haikuwa na mzaha. Vumbi lilizifunika gari zote barabarani, madirisha yakafungwa, chui akarudi kitandani. Siku ya tatu macho ya Sudi yalikuwa manjano tena. "Dada, baridi," alisema, na mimi nikalivuta blanketi nikalibana vizuri chini ya kidevu chake, kila upande, upepo usipate pa kuingilia. Huo ndio mkono wangu katika habari hii kabla hata barua haijafika. Mama alikuwa akitembea kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kitandani, na midomo yake ilikuwa ikisoma dua bila sauti.

Ilikuwa asubuhi, karibu saa nne. Mama aliniambia, "Kaa na mdogo wako, mwanangu, naenda juu kwa jirani kumpigia baba yako simu. Usitoke." Akapanda. Sikuwahi kuachwa peke yangu na mgonjwa. Niliweka kiganja mbele ya pua ya Sudi kupima pumzi, nikakitoa, nikakiweka tena.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Ami Khamis, mtu wa kwetu aliyekuwa dereva wa familia moja kule Wakra, na alikuwa bado ana harufu ya safari. Gari la tajiri wake lilikuwa linamsubiri chini.

"Mama yupo?"

"Kenda juu."

"Haya, shika. Mpe mkononi kwake akirudi tu. Bibi yako kaniapisha pale uwanja wa ndege, mzee wa watu kaja mwenyewe kwa miguu yake. Kasema hii ya mgonjwa. Isichelewe, unasikia? Isichelewe."

Akashuka ngazi mbili mbili. Nikabaki na bahasha. Hii ya mgonjwa. Isichelewe. Nikafungua. Karatasi nne, pande zote mbili, mwandiko wa Bibi uliolala upande. Haukuwa wa zafarani, ulikuwa wa buluu, lakini nilidhani zafarani imekwisha kule nyumbani. Nikamtazama Sudi. Alikuwa amefumba macho na kope zimelowa jasho. Nikafikiri: kama karatasi tatu zilimponesha mara ile, nne si zitamponesha zaidi?

Nililijua bakuli lilipo. Zamzam sikuifikia, ilikuwa kabatini juu, nikamimina maji ya chupa. Bibi alikuwa bado anatumia kalamu ya wino, ile ya kunyonya kutoka kwenye kichupa, na wino ule haukuhitaji kubembelezwa. Ulitoka kama moshi. Nikazigeuza karatasi moja baada ya moja kwa vidole viwili, kwa adabu, kama nilivyomwona mama, na maji yakawa buluu kuliko anga. Nikasema bismillahi. Nikamwinua Sudi kichwa, nikampa funda la kwanza, la pili, la tatu. La tatu lilirudi likamwagika kifuani.

Akafumbua mdomo alie na nikaona ulimi wake. Ulikuwa wa buluu. Meno pia. Kilio hakikutoka, kichwa kikaangukia begani kwangu, kizito, na wakati huo huo nikasikia ndala za mama zikishuka ngazi.

Kwa nini nilizificha karatasi? Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni fupi: niliogopa. Nilizitia ndani ya gauni, tumboni, zikiwa zinachuruzika, na bakuli nikalisukuma chini ya kitanda. Mama aliingia, akamwona mwanawe, akapiga ukelele uliowaleta majirani wote. Bahasha tupu ilikuwa juu ya sanduku la naftalini, hakuna aliyeitazama. Dakika chache baadaye tulikuwa kwenye gari la jirani, mimi kiti cha nyuma, na karatasi nne zilizolowa zimenigandia kwenye ngozi.

Hospitali kiyoyozi kilikuwa kikipuliza baridi juu ya baridi. Madokta walimzunguka Sudi, na mmoja akamfungua kinywa, akasimama kidogo, akawaita wenzake. Nilijua wameona nini. Baba alikuwa amefika na sare yake ya kazi, na walimsemesha haraka, naye akamgeukia mama.

"Wanauliza kanywa nini. Ulimi wa buluu. Kanywa sabuni? Dawa ya choo? Nini?"

"Sijampa kitu! Wallahi sijampa kitu!"

"Wanasema lazima wajue. Hawawezi kumtia dawa ovyo bila ya kujua ni sumu gani."

"Mimi nilikuwa juu nakupigia simu wewe!" Mama alikuwa analia. "Nimemwacha na dada yake dakika kumi tu!"

Wote wawili wakanitazama. Nikatikisa kichwa. Sikuulizwa swali lakini nilitikisa kichwa, na nikaendelea kutikisa hata walipokwisha kugeuka. Kupitia upenyo wa pazia niliona mguu wa Sudi, mdogo, unyayo wa manjano, na mkono wa mtu ukiupapasa kutafuta mshipa. Kila dakika waliyopoteza wakitafuta sumu niliijua mimi peke yangu, na sikuweza kufungua mdomo. Ningefungua wangejua kuwa aliyemuua ni mimi. Nikihesabu hofu zote nilizowahi kuzipata mpaka leo, kuzaa, kufiwa, kupasuliwa, hakuna iliyonikaba namna ile.

Aliyekuja kuniokoa alikuwa nesi wa Kikenya. Wenzake walimwita Sista Njeri. Alikuwa mrefu, ana msalaba mdogo shingoni, na alisikia tukizungumza Kiswahili akaja moja kwa moja kuchuchumaa mbele yangu.

"Wewe ndiye dadake? Pole, mami. Mbona nguo imelowa hivi? Umejikojolea? Hakuna shida, hata mimi nishawahi."

Nikatikisa kichwa.

"Basi ni nini? Unatetemeka. Kuja hapa." Akaniwekea mkono tumboni na karatasi zikatoa sauti. "Unaficha nini?"

"Nimemuua Sudi."

"Hajakufa. Nimetoka kwake saa hii, anapumua. Ulimpea nini?"

"Barua."

"Ati barua?"

"Barua ya Bibi. Nimeiosha nikampa maji yake."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Mambo ya kombe hakuyajua, angeyajulia wapi, lakini alizitoa karatasi taratibu, akazinusa, akasugua kidole kwenye pembe moja kikatoka buluu.

"Ni wino tu. Sikiza, hii haiwezi kuua mtu, lakini daktari lazima ajue saa hii hii, wanahangaika kutafuta sumu. Tutaenda na mimi nitakushika mkono. Sawa? Sitauachilia."

Hakuuachilia. Aliwaeleza madokta kwanza, na mmoja wao akashusha pumzi ndefu, akatoa maagizo mengine kabisa. Kisha Sista Njeri akampa mama karatasi. Mama alizifungua moja moja. Zilikuwa tupu, zina madoa na mistari ya maji, na pembeni mwa moja limebaki neno moja la salamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Ningelipenda kofi.

"Nani kaleta?"

"Ami Khamis."

"Kasema nini?"

"Kasema ya mgonjwa. Isichelewe."

Mama akazitazama tena zile karatasi, pande zote mbili. "Kurasa nane," alisema polepole. "Mama yangu haandiki kurasa nane. Ana jambo." Akamshika Baba mkono wakaondoka karibu mbio kwenda kwenye simu ya kadi iliyokuwa mwisho wa ukumbi, na mimi nikabaki na Sista Njeri. Niliwaona kwa mbali. Walipiga dukani, wakangoja mtu akimbie kumwita Bibi, wakapiga tena. Safari hii mama alisimama na simu sikioni muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini, simu ingali sikioni. Nikadhani Bibi amemwambia kuwa mtoto aliyenywa barua haponi.

Baba ndiye aliyerudi kwanza, na alikuwa anakimbia. Nilisikia neno moja tu nililolijua, naftalini. Alilirudia kwa dokta kwa lugha tatu. Dokta akauliza, Baba akaonyesha kwa mikono, hivi, blanketi, sanduku, kichwani pa kitanda, na dokta akapiga paji la uso. Ilikuwa damu ile ile isiyopatana na baghila. Haipatani na naftalini pia, hata harufu yake ikikazana chumbani. Sudi alivuliwa kila alichokuja nacho, akaoshwa mwili mzima, akaongezwa damu. Jioni ile Baba alinirudisha nyumbani, akalichukua blanketi na sanduku akavipeleka mbali, na alipotoka niliona amembeba chui wetu kama mtu aliyebeba maiti.

Siku mbili hatukujua itakuwaje. Sikula. Kila mtu alinisemesha vizuri na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu nilidhani wananihurumia kwa kitakachonipata. Siku ya tatu Sudi aliomba biskuti, akapewa, akaitupa chini, akataka nyingine. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Leo hii Sudi ni baba wa watoto wawili, ana kitambi, na kwenye harusi hujitambulisha kuwa ni mtu pekee wa Unguja aliyekula barua kurasa nane asijue imeandikwa nini.

Lakini mimi hofu yangu haikuishia pale. Ilihama tu. Niliambiwa Bibi kasema naftalini ni mbaya kwa Sudi, basi, na katika yale mengine yaliyokuwemo kwenye kurasa nane sikuambiwa kitu. Swali langu likawa moja: Bibi anajua? Anajua kuwa yeye kaandika, kaenda kwa miguu mpaka uwanja wa ndege, na mimi nikaiosha barua yake kabla hajaisoma mtu?

Tulipokwenda nyumbani likizo ya kwanza, Bibi alikuwa amekaa barazani. Alimkumbatia Sudi, akamkumbatia mama, kisha akanishika mimi mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akavitazama. Akainama kuvibusu. Nikaona anatafuta wino! Nikaivuta mikono, nikakunja ngumi, nikaificha nyuma. Hakusema kitu. Kila likizo alifanya hivyo, na kila likizo niliivuta. Nilipokuwa msichana mkubwa niliwahi kujipaka hina mpaka kwenye viganja, nikidhani labda itamzuia. Haikumzuia. Mara ya mwisho alikuwa amelala, mikono yake myepesi mno, na hata siku ile nilikunja ngumi, mimi mtu mzima mwenye watoto. Naona aibu kuliandika hili.

Basi siku ile ya sanduku nilifungua ule uzi. Zilikuwa barua za mama, zote alizomwandikia Bibi kutoka Doha, zimepangwa. Mama alikuwa amekaa kitandani nyuma yangu. "Nisomee, mwanangu," alisema. "Macho yangu hayaoni tena mwandiko mdogo." Sasa ninazisoma herufi zile vizuri, za Kiarabu na za Kiswahili chetu. Nikasoma za salamu, za vitambaa, ile ndefu yenye mkojo wa kahawa. Iliyofuata ilikuwa fupi, na nilipoona inaanza na kupona kwa Sudi nikataka kuirudisha kwenye uzi. Mama akasema, "Soma."

"Mama yangu mpenzi. Mtoto amepona, amerudi nyumbani, anakula. Uliyoniambia kwenye simu sijayasema kwa mtu. Sikujua kuwa marehemu kaka yangu Salum alikufa kwa jambo hili hili. Mlituambia ni homa. Sikujua kuwa ni wewe uliyemfunika shuka la sandukuni lenye naftalini ili asipate baridi, na kuwa dokta alikwambia sababu yake mtoto akiwa amekwisha kuondoka, na kuwa umekaa na neno hilo miaka yote mpaka ukaliandika kwa ajili ya mwanangu. Mama, mimi pia nilimfunika wangu. Nilimfunika kwa mapenzi kama wewe.

"Unauliza ile barua iko wapi, unaogopa isije ikasomwa na watu ukiwa umekwisha kufa. Haipo. Mjukuu wako mkubwa ameiosha. Alidhani ni kombe, akaiosha kwa mikono yake miwili, ukurasa kwa ukurasa, na maji yake mtoto akayanywa, na mtoto akapona. Hakuna atakayeisoma tena, Mama. Imeoshwa. Basi na wewe liache.

"Yeye ana hofu nawe, anadhani utamkasirikia. Usimwambie kitu, bado mdogo. Ukimwona, mbusu tu hiyo mikono."

Hapakuwa na zaidi ila jina. Nilibaki nimeishika karatasi mpaka mama akaiondoa kwenye vidole vyangu, akaiweka kando juu ya kanga. Halafu akanyoosha mikono yake, akaishika yangu, akaigeuza viganja juu.

Sikukunja ngumi.